Kuomba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: maswali ninayoulizwa kila Julai

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka tu, simu yangu haipoi. Wanapiga majirani, watoto wa dada, na mzee mmoja wa msikitini ambaye wajukuu wake hawaishi. Maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeyakusanya. Yote yanahusu shahada ya kwanza pale Mlimani, kampasi kuu ya chuo hicho (UDSM), ingawa mengi yanafaa pia kwa vyuo vingine vilivyo chini ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Tarehe na ada hubadilika kila mwaka. Hizo zitafute kwenye tangazo la mwaka wako.

Maombi yanapelekwa TCU au chuoni?

Chuoni, kwa mtandao. Wanaosema "TCU ndiyo inapanga" wanakumbuka enzi za mfumo wa pamoja ulioanza mwaka wa masomo 2010/11, ulipokuwa unajaza fomu moja na Tume inakupangia. Kuanzia 2017/18 kila chuo kinapokea maombi yake chenyewe. TCU imebaki na kazi ya kuweka sifa za chini, kutoa mwongozo wa udahili, kufungua na kufunga dirisha, na kuhakiki majina ya waliochaguliwa. Maana yake ni kwamba ukitaka Mlimani, SUA na Mzumbe, unaomba mara tatu na unalipa ada ya maombi mara tatu.

Watoto wawili wana divisheni thrii ya pointi 14. Mmoja ana sifa, mwingine hana. Huo si upendeleo?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea, wakiwemo walimu. Kuna pointi za aina mbili, na zinakwenda kinyume.

Pointi za NECTA (Baraza la Mitihani), zile za divisheni, kadiri zinavyopungua ndivyo zinavyokuwa nzuri. A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Unajumlisha masomo matatu ya tahasusi: 3 hadi 9 ni daraja la kwanza, 10 hadi 12 la pili, 13 hadi 17 la tatu. Mwenye A tatu ana wani ya 3, na mtaa mzima unajua.

Pointi za udahili, kadiri zinavyoongezeka ndivyo zinavyokuwa nzuri. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Sharti la chini la kuingia chuo kikuu ni ufaulu wa principal mbili, yaani kuanzia E kwenda juu, katika masomo mawili yanayohitajika na kozi, na mawili hayo yafikishe pointi 4.

Sasa warudie watoto wetu. Wa kwanza ana D, D na S. Kwa NECTA ni 4 na 4 na 6, jumla 14. Kwa udahili masomo yake mawili bora yanatoa 2 na 2, jumla 4. Ana sifa. Wa pili ana D, E na E. Kwa NECTA ni 4 na 5 na 5, jumla 14 vilevile, na yeye ana principal tatu wakati mwenzake ana mbili tu. Lakini masomo yake mawili bora ni 2 na 1, jumla 3. Hana sifa. Mzazi wake akilalamika namwelewa kabisa, maana mtoto hakufeli somo hata moja. Hesabu ndiyo iliyomkataa.

Kwa hiyo kabla hujaomba, chukua kalamu ufanye hesabu ya pili. Divisheni iache kwenye sherehe.

Je, General Studies na BAM (Hesabu ya msingi) zinahesabiwa?

Hazihesabiwi. Hayo ni masomo ya ziada. Nimewahi kuletewa kijana aliyejihesabia pointi za GS na akawa ameshawaaga ndugu.

"Masomo yanayohitajika na kozi" ndiyo yapi?

Yanatofautiana kozi kwa kozi, na jibu lipo kwenye mwongozo wa TCU. Unapakuliwa bure. Iko miongozo miwili: mmoja wa waliomaliza kidato cha sita, mwingine wa wenye stashahada. Watu hupakua wa kwanza wanaoukuta kisha wanashangaa. Ndani yake kila kozi ina namba yake, masharti yake, miaka ya kusoma na idadi ya nafasi.

Soma masharti mpaka mwisho wa sentensi. Kozi nyingi za uhandisi zinataka Hesabu ya advansi na Fizikia, kwa hiyo mtu wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) mwenye ufaulu mkubwa sana bado anaweza kukosa sifa ya uhandisi fulani. Zipo pia kozi zinazorudi nyuma hadi kidato cha nne na kutaka ufaulu wa Hesabu au Kiingereza cha olevo. Pale ndipo F ya Hesabu uliyoizika miaka miwili iliyopita inapofufuka.

Nina pointi 4 kamili. Nitapata Mlimani?

Una ruhusa ya kuomba. Kupata ni jambo jingine. Pointi 4 ni mlango wa chuo kikuu chochote nchini, na ukishaingia unakuta foleni. Chuo kinawapanga waombaji wa kozi kwa ufaulu na kuchukua kutoka juu hadi nafasi ziishe. Kozi yenye nafasi chache na waombaji wengi itaishia kwa watu wenye alama za juu. Kozi isiyo na mbio inaweza kukuchukua. Hakuna anayeweza kukuambia mapema mstari utakatwa wapi mwaka huu, kwa sababu unategemea nani mwingine ameomba.

Chuo hiki kilipoanza Oktoba 1961 katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London, wanafunzi hawakufika 20 na wote walisoma sheria. Darasa zima lingeenea kwenye Coaster moja. Kilihamia Mlimani 1964 na kuwa chuo kikuu kamili cha taifa Julai 1970. Jina limekua tangu hapo, na foleni nayo.

Mwanangu ana wani ya 7, amekosa kozi zote. Kuna mkono wa mtu?

Nikiulizwa hivi, naomba kwanza nione alichojaza. Mara nyingi nakuta machaguo yote ni yale yanayokimbiliwa na kila mwenye wani ya 3 na ya 4 nchini. Amepiga risasi tano kwenye shabaha moja. Chaguo la kwanza weka unachokitaka kwa moyo. La pili na la tatu weka unachokipenda na alama zako zinakiweza. La mwisho weka kozi ambayo ungeisoma bila kununa na ambayo haina msongamano.

Nasisitiza "bila kununa". Usiweke kozi ya kuzibia pengo ambayo hutaki hata kuisikia, maana mfumo hauna habari kwamba ulikuwa unatania. Utachaguliwa huko huko.

Aliyekosa awamu ya kwanza asikate tamaa. TCU hufungua awamu ya pili, na kulingana na nafasi zilizobaki, ya tatu. Ila wakati huo kozi zenye mbio huwa zimeshajaa, na kilichobaki ndicho kitatangazwa. Aliyeshauriwa arudie chaguo lile lile la kwanza amepotezewa awamu.

Kuna insha ya kuandika au usaili?

Kwa mwombaji wa kawaida wa kidato cha sita, hakuna. Hakuna barua ya mwalimu mkuu ya kukusifia, hakuna anayeuliza kama ulikuwa nahodha wa timu. Ni alama zako basi. Wengine wanaona ni ukatili. Mimi naona afadhali, kwa sababu mtoto wa Namtumbo na wa Masaki wanapimwa kwa karatasi moja. Kama shule zao zilikuwa sawa, hilo ni swali jingine, na ni zito.

Kijana yuko JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria. Ataombaje?

Mitihani ya kidato cha sita huisha Mei, vijana wanaitwa makambini, matokeo yanatoka Julai na dirisha linafunguliwa wakati yeye yuko kwenye gwaride. Kwa hiyo mwombaji halisi ni wewe mzazi, dada au mjomba.

Jiandaeni kabla hajaondoka. Akuachie namba ya mtihani ya kidato cha nne na ya sita, cheti cha kuzaliwa, na karatasi yenye kozi anazozitaka kwa mpangilio aliouandika kwa mkono wake. Hiyo karatasi itawaokoa na ugomvi wa Septemba. Nimeshuhudia baba aliyemjazia binti yake ualimu "kwa sababu ajira ipo", binti akatoka kambini amekomaa na msimamo wake. Hawakuongea vizuri mpaka Krismasi.

Wazee wa Mlimani nao wana lao kuhusu JKT. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kulitumikia taifa, na Mwalimu Nyerere akawafukuza karibu 400. Shida yenu ya mtandao kambini ni ndogo.

Nikaombee steshenari?

Kama huna kompyuta wala simu nzuri, nenda. Lakini kaa hapo hapo kwenye kiti, usiache karatasi na kuondoka. Mhudumu mwenye foleni ya watu thelathini anatafuta njia ya mkato, na njia yake ni kuandika namba yake ya simu, barua pepe yake, na nywila moja kwa wateja wote.

Madhara yake huyaoni siku hiyo. Unayaona majina yakitoka, pale ujumbe wenye namba ya siri ya kuthibitisha chuo unapokwenda kwenye simu ya mtu ambaye hata hakukumbuki. Mwaka fulani tulimtafuta mhudumu kama huyo siku mbili. Alikuwa amehama na duka limekuwa saluni. Tulifanikiwa saa za mwisho, baada ya kuomba chuo kibadilishe namba.

Kwa hiyo namba iwe yako, ile utakayokuwa nayo mpaka Novemba. Nywila iandike kwenye daftari. Na kabla hajabonyeza kutuma, soma mwenyewe kila herufi ya jina na kila tarakimu ya namba ya mtihani.

Nimechaguliwa vyuo viwili. Nifanyeje?

Hongera, sasa fanya haraka. Aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja anatakiwa kuthibitisha kimoja ndani ya muda uliotangazwa, kwa kutumia namba ya siri aliyotumiwa kwa ujumbe wa simu au barua pepe. Kama hukuipata, ingia kwenye akaunti yako ya maombi ya chuo unachokitaka uombe itumwe tena. Usithibitishe kwa niaba ya hasira au kwa kumfuata rafiki. Kujiondoa na kuanza upya kunawezekana, ila nafasi uliyoiachia haikusubiri.

Na tafadhali, "nitathibitisha kesho" ni maneno ya watu wanaoomba awamu ya pili.

Nina stashahada, sikupita advansi. Mlimani wananichukua?

Wanachukua. Sharti la jumla ni GPA isiyopungua 3.0 pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, na stashahada yenyewe iendane na kozi. Kozi zenye ushindani zinaweza kutaka zaidi ya hapo. Utahitaji pia namba ya uhakiki ya tuzo yako, wanayoiita AVN, inayotolewa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Ianze mapema. Chuo chako kikichelewa kupeleka matokeo NACTVET, huna AVN, na bila AVN maombi hayaendi mbele. Kila mwaka kuna watu wenye GPA ya 4 na kitu waliokwamishwa na ofisi ya mitihani ya chuo walichotoka.

Wapo pia wanaopitia kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, yenye masharti yake kwenye mwongozo, na watu wazima wanaopimwa ujuzi walioupata kazini. Enzi za Azimio la Musoma la 1974, kwenda kazini kwanza ndiyo ilikuwa sharti, na mtoto wa kidato cha sita hakuingia moja kwa moja. Mambo hugeuka.

Nilimaliza 2015, alama zetu zilikuwa na B+. Nahesabuje?

Waliomaliza 2014 na 2015 wana mizani yao: A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1. Kwenu C mbili ndizo pointi 4. Waliotangulia na waliofuata wanatumia ile ya juu. Usikubali mtu akuhesabie kwa mizani ya mdogo wako, utapata pointi zisizo zako.

Nilirudia mtihani kama mtahiniwa binafsi. Niandike namba ipi?

Zote. Fomu ina nafasi ya kuongeza mtihani mwingine.

Nimesoma Uganda (au Kenya, Burundi, Congo). Cheti changu kinafaa?

Cheti cha sekondari cha nje kinapelekwa kwanza NECTA kulinganishwa na cha hapa. Ukishapata matokeo ya ulinganifu ndipo unaomba. Usisubiri Julai, na kama cheti ni cha Kifaransa tafuta tafsiri rasmi kabla ya kitu chochote.

DUCE na Mkwawa ni Mlimani au si Mlimani?

Ni vyuo vishiriki vya UDSM tangu 2005, DUCE pale Chang'ombe na Mkwawa kule Iringa, na vimejengwa zaidi kwa ajili ya ualimu. Shahada unayopewa ni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ila maombi yao yanasimama peke yake, kwa hiyo kuomba Mlimani hakukuingizi huko. Kuna pia chuo cha afya Mbeya. Muhimbili na Ardhi, kwa upande mwingine, ni vyuo vikuu vinavyojitegemea tangu 2007. Ardhi iko jirani kabisa na Mlimani, na kila mwaka kuna mzazi anayeshuka na begi kwenye geti lisilo lake.

Na bumu?

Kupata chuo na kupata mkopo ni safari mbili. Mkopo unaombwa Bodi ya Mikopo, HESLB, kwa mfumo wake wa mtandao, na huna haja ya kusubiri uchaguliwe kwanza. Mtu akikuambia subiri majina yatoke, mpuuze.

Kazi kubwa ni karatasi. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe na RITA, au na wakala wa usajili wa Zanzibar kwa waliozaliwa huko. Kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho kihakikiwe, na hapa familia nyingi hugundua kwamba baba alizikwa miaka kumi iliyopita na hakuna aliyefuatilia cheti. Fomu inataka saini ya serikali ya mtaa au kijiji, ya mdhamini, na ya hakimu au wakili. Mwenyekiti wa mtaa anajua msimu huu vizuri, mfuate mapema.

Namba ya kidato cha nne utakayotumia Bodi iwe ile ile uliyoombea chuo. Ukiwa na mbili, ukatumia moja huku na nyingine kule, mifumo itakuona kama watu wawili: mmoja ana chuo hana mkopo, mwingine ana mkopo hana chuo.

Bodi inaangalia uhitaji, kwa hiyo wani haikupi bumu. Waliofanya vizuri zaidi kwenye sayansi wana njia nyingine, ufadhili wa Samia. Ukinyimwa au ukipewa kidogo, kuna dirisha la rufaa. Ukilipata, kumbuka ni deni: ukiajiriwa kwenye sekta rasmi utakatwa asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi hadi liishe. Fasti yia wengi wanalikumbuka hilo baada ya kununua simu.

Kuna mtu anasema ana ndugu yake udahili, anataka laki tatu anipatie nafasi.

Baki na laki tatu yako. Anachofanya ni kuchukua pesa kwa watu kumi. Watatu watachaguliwa kwa alama zao wenyewe, atasema ni yeye. Saba atawaambia "mwaka huu wamebana". Majina yanapitishwa na TCU baada ya kuhakikiwa dhidi ya matokeo ya NECTA, na yeye hana mkono huko kote.

Naweza kuingia kwa kozi yoyote halafu nihamie ninayoipenda?

Uhamisho upo, wa ndani ya chuo na wa kutoka chuo hadi chuo, kwa muda mfupi mwanzoni mwa mwaka. Lakini kozi unayoihamia iwe na nafasi, na alama zako ziwe zinaiweza. Kama ilikukataa Agosti kwa sababu imejaa, Novemba haijapungua watu. Wachache wanafaulu. Usiingie kwa mpango huo peke yake.

Hosteli ni lazima nipate?

Si lazima, na wengi hawapati. Kuna kumbi za ndani ya kampasi, kuna Mabibo, na kuna majengo ya Magufuli yaliyofunguliwa 2017 yenye nafasi 3,840. Unaomba kwa mtandao baada ya kuchaguliwa, na fasti yia wa mikoani wanafikiriwa, ila usije na begi ukitegemea hilo. Waliokosa wanapanga Changanyikeni, Msewe, Savei, Sinza, Makongo, wawili watatu kwenye chumba. Au wanabebwa: rafiki mwenye kitanda anakupa upande wake, mnalala mzungu wa nne, miguu yako kichwani kwake, na mnaombeana mlinzi asipite. Njoo na shuka lako.